Firigisi Vipande Vinne

Mpendwa Shangazi Asiya, naomba msaada wako upesi, maana mke wangu Khalayi amenihama kwa sababu ya firigisi. Binamu yangu Titus alirudi kutoka ng'ambo na chupa nne za wiski, ya Skotilandi, ya Ayalandi, ya Marekani na ya Japani, nami nikatazama video kwenye simu hadi nikajiona bingwa wa kujua kila wiski inaendana na chakula gani, basi baba mkwe, Mzee Osundwa wa Navakholo, alipotutembelea hapa Lubao mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, nikasema leo mzee ataonja dunia bila kupanda ndege. Ya Ayalandi ni laini, nikaiweka na viazi vitamu, ya Marekani ina utamu utamu, nikaipa njugu karanga, ya Japani nikaipa omena, dagaa wa ziwani, lakini ile ya Skotilandi, Shangazi, inanukia moshi kama jikoni kwa mama, nikaona haifai na kingine ila firigisi ya kuchoma, nikaitoa kwa ingokho, kuku aliyechinjwa kwa heshima ya mzee, nikaikata vipande vinne, changu, cha Titus, cha jirani Protus na cha mzee, kila kimoja na kijiti chake cha meno.

Mzee akakiinua kile kijiti, akasema: "Mimi nakulanga firigisi nzima tangu tumzike babangu. Leo wewe umeigawa kama mkate wa kanisa?" Akasimama, akaitia chupa ya Skotilandi kwapani, akamwita binti yake, wakapanda boda boda moja wakaenda zao.

Hii ni wiki ya pili na Khalayi hashiki simu, nampenda sana, nakula ugali mbichi niliousonga mwenyewe, na niseme ukweli, firigisi na ile wiski vilipatana ajabu, sasa kosa langu ni lipi hasa?

Philemon, Lubao.

Philemon, waalaikum salaam, ingawa hukunisalimia. Pole kwa ugali mbichi.

Mimi ni Mwislamu wa Mumias, kinywaji changu ni chai ya tangawizi, na wiski sijui ikoje wala sitaki kujua. Lakini firigisi naijua. Marehemu mume wangu Ismail alisamehe chai baridi miaka thelathini, ila kuku afike mezani bila firigisi, hapo hakuna aliyelala kwa amani. Nawe ni mtoto wa Kakamega, unajua firigisi ni ya mzee peke yake, ndiyo maana umeniudhi. Umemwita mzee kumheshimu, kisha heshima yenyewe umeikatakata ukampa Protus robo. Protus ni nani?

Usilie bado. Mzee aliyekukataa kabisa asingebeba chupa yako. Na Khalayi hajakuchoka. Umemwaibisha mbele ya babake.

Jumamosi nenda Navakholo na jogoo aliye hai, wachinje wenyewe. Titus abaki, simu uizime. Mnawishe mzee mikono wewe mwenyewe, firigisi iletwe nzima, na umwombe Khalayi msamaha kabla babake hajaitia mdomoni. Ukipewa paja, shukuru. Ukipewa shingo, shukuru zaidi. Chupa ikitolewa, usiiguse mpaka umiminiwe.

Na mzee akikuuliza, wewe bingwa, firigisi inaendana na nini, mjibu: inaendana na baba mkwe.