Uji wa Mama Takondwa

Chilomoni, Blantyre
Jumapili, 23 Aprili 2023

Kwako Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi ya mwana kwa mzazi wake. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na mahindi yameanza kuingia ghalani. Ndugu yangu Layitoni alinipigia simu akaniambia yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, na kwamba umempiga marufuku kuwakaribia kwa sababu ana macho ya kuuza. Nilicheka. Nadhani nilicheka; siku hizi nasikia kicheko changu kama redio ya jirani.

Mimi ni mzima wa mwili. Kimbunga hakikuigusa nyumba ninayokaa, kilichukua ua na choo tu. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Ukiniuliza moyo, sina habari zake za kukupa.

Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeruka mstari mmoja mmoja, kama mwalimu wako wa kisomo alivyonishauri. Soma polepole, hakuna anayekukimbiza. Nakuomba pia usome peke yako. Usimpe Layitoni akusomee hata akijifanya ana huruma na macho yako. Miaka yote hii barua zangu za kutoka mjini ulikuwa unasomewa na watu, ndiyo maana zilikuwa za salamu na bei ya mbolea. Hii ni ya kwanza kufika kwako bila kupitia mdomo wa mtu.

Uliuliza kazi yangu mpya ni ya namna gani, maana Mama Falesi amekuambia nimeacha ualimu nimekuwa mganga wa vichwa. Mwambie hapana. Baada ya mlima kuporomoka na kambi kujaa watoto, tulichaguliwa walimu wachache kuwafunza wanaowapokea watoto hao: wauguzi, walimu wenzetu, watu wa ustawi wa jamii, polisi. Wenyewe wanaiita huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mtu akijikata, unamfunga kitambaa kwanza, daktari atakuja baadaye. Sisi tunafundisha kitambaa. Mtazame mtoto. Msikilize akitaka kusema, wala usimchimbe. Mtafutie watu wake. Usimwambie asilie, usimwahidi usichonacho, na usimdanganye.

Darasa langu lilikuwa na watu ishirini, katika chumba cha darasa la tano kwenye shule iliyogeuzwa kambi. Vyumba vingine vyote vilikuwa na watu na magodoro. Siku ya tatu tulifika kwenye somo la kumwambia mtoto kwamba amefiwa. Niliandika ubaoni neno moja, AMEKUFA, nikawataka walitamke kwa zamu, kwa sauti, kwa sababu watu huligeuza neno hilo likawa amelala, ametangulia, hayupo. Sajenti Mbewe, polisi mmoja mwenye tumbo na maneno, aligoma. Alisema, "Mwalimu, kwetu mtoto haambiwi msiba. Anaambiwa mtu kasafiri. Babu yangu mimi alisafiri nikiwa darasa la pili, na mpaka leo hajafika." Darasa zima lilivunjika mbavu. Nami nikangoja wamalize, nikawaambia ndicho tulichokuja kukiondoa hicho. Nikasema mtoto aliyedanganywa hubaki anangoja, na kungoja kunamla. Nilisema vizuri sana, Mama, hata Sajenti akaandika. Nilikuwa na chaki mkononi na sikusikia kitu.

Sasa nikupe habari za Takondwa, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Ni msichana wa miaka minane. Yeye na bibi yake, Bibi Malita, walikuwa chumba cha darasa la pili. Nyumba yao ya Chilobwe iliondoka na mlima. Mama yake alipatikana siku ya tatu, akazikwa pamoja na wengine. Bibi alikwenda mazikoni, aliporudi akamwambia mtoto kwamba mama yake amevunjika mguu, amelazwa hospitali ya Zomba, akiweza kutembea atarudi.

Basi tangu siku hiyo, kila uji unapogawiwa, asubuhi na jioni, Takondwa anaomba vikombe viwili zaidi ya cha bibi. Kimoja chake, kingine cha mama. Wagawaji wanampa, nani atamnyima? Cha mama anakiweka chini ya dawati, anakifunika kwa daftari, anasema asije mama akafika akakosa. Halafu anakwenda kucheza. Akirudi anakuta kikombe kitupu, kimeoshwa, na bibi anamwambia kuna mtu alikuwa anakwenda Zomba, nimempa ampelekee.

Wanafunzi wangu walipoona hayo walitoka nje mmoja mmoja. Muuguzi mmoja alilia hadi akatapika. Mimi niliandika kwenye daftari langu kwamba huu ni mfano mzuri.

Nilimwendea Bibi Malita. Nilikaa naye mkekani, nikamwamkia, nikamweleza kwa adabu kwamba mtoto anateseka kwa kungoja, na anayefaa kumwambia ni yeye, mimi nitakuwa pembeni. Akaniambia, "Nyinyi mnakuja na makaratasi, mwanangu. Mimi nimezika, na udongo bado uko kwenye kucha. Niachieni hata uongo wangu." Nilipaswa kunyamaza hapo. Ndivyo ninavyofundisha. Lakini nilirudi siku ile ile jioni, na kesho yake nikarudi tena, na unanijua nikishika jambo. Alikubali kama mtu anavyokubali ili aachwe apumzike. Tukapanga Ijumaa baada ya uji wa asubuhi. Na nikawateua wanafunzi wangu wawili wakae karibu waone jinsi inavyofanywa. Naam, Mama, niliufanya msiba wa watu kuwa somo. Nilipokuwa nikipanga hivyo sikuona ubaya wowote.

Alhamisi mchana nilikuwa nafuta ubao. Takondwa akaja akasimama mlangoni, kamba ya kurukia shingoni. Akaniuliza, "Eti mwalimu, ni wewe unayewafundisha watu kutuambia?" Nikamuuliza kukwambieni nini. Akanitazama kama unavyomtazama mwanafunzi mzito, akasema, "Kwamba mama amekufa."

Alilitamka bila kulimeza, vizuri kuliko wote ishirini.

Kisha akasema, "Mwambie bibi asiniambie. Akiniambia hatakula."

Nilikaa kwenye dawati nikamwacha aseme. Akaniambia tangu bibi arudi mazikoni alikuwa hali chochote. Akipewa uji anamsukumia yeye: kunywa wewe, mimi nimeshiba. Ugali hivyo hivyo. Miguu ikaanza kumtetemeka. Ndipo mtoto akatafuta njia. Akaomba kikombe cha mama. Alivyonieleza, kile bibi hawezi kumrudishia yeye, kwa sababu si chake. Kumwaga hawezi, chakula hakimwagwi wakati watu wana njaa. Na akikiacha kimejaa, yeye mtoto atajua kwamba mama hayupo Zomba. Kwa hiyo inambidi akinywe. Alikwisha kuchungulia dirishani akamwona: bibi anakunywa amesimama, uso ukutani, haraka haraka, halafu anaosha kikombe. "Uji wake mwenyewe haunywi," akasema, "lakini wa mama anaumaliza wote."

Nilimuuliza amejuaje habari za mama yake. Akasema bibi alirudi amenyoa kichwa, kama wanavyonyoa waliofiwa. Alipomuuliza kwa nini amenyoa, akajibiwa ni chawa wa kambini.

Mama, hapo ulipofika weka barua chini kidogo. Kunywa maji. Kama umesimama, kaa.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, Bwana Jeremani alirudi kutoka Joni, kule migodi ya Afrika Kusini alikokuwa na Baba, akaleta begi la Baba. Mlidhani niko mtoni. Nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi, nachambua mawe ya kuchezea. Nilisikia yote: mgodi, siku, na kwamba wamemzika huko huko. Nilikusikia ukimwomba asiseme mbele ya watoto. Kesho yake ulitupeleka mimi na Layitoni Balaka kwa shangazi, tukakaa wiki mbili tukila karanga. Tuliporudi ulikuwa umenyoa. Ulisema ni chawa. Ulisema pia Baba anatusalimu, kazi ni nyingi, atakawia.

Nilijua, Mama. Nilijua kabla hujanyoa. Shuleni waliponiita mtoto wa mchona, yaani wa mtu aliyepotelea ugenini, wakisema Joni imemmeza baba yangu kwa wanawake wa huko, niliwapiga na kupigwa nikitetea maneno yako, nami nikijua si ya kweli. Nimejua miaka thelathini. Kila ukisema huenda mwaka huu Baba akatuma neno, nilikuwa naitikia.

Na kuna jambo la barua. Unakumbuka ulivyokuwa baada ya Balaka: unatwanga, unalima, unateka maji, unafagia palipofagiwa, hukai. Ulikuwa unakula umesimama. Sikujua la kufanya na mama asiyekaa. Ndipo nikasema nataka kumwandikia Baba. Wakati ule hukujua kusoma, kwa hiyo ilikubidi ukae ili nikusomee nilichoandika. Ndiyo saa pekee uliyokuwa unakaa. Nilikuwa naandika kwamba paa linavuja ila hatuoni baridi. Kwamba Mama amechoka na anapaswa kulala mchana. Kwamba Mama ndiye anayelima vizuri kuliko wanaume wote wa kwetu. Wewe unasema, "Soma tena hapo," nami nasoma tena. Kisha unaikunja unasema utaipeleka posta. Niliandika mpaka kidato cha pili. Ulinihurumia, ukidhani nangoja.

Sikulia wakati ule. Ningelia ungejua. Nilijifunza kuuzima moyo kama taa, na moyo huo uliozimwa umenisaidia sana, nimefaulu mitihani nao, nimefundisha nao. Tatizo ni kwamba Alhamisi mtoto yule aliposema chawa, nilitafuta pa kuuwasha nisipaone.

Ijumaa somo halikuwapo. Wanafunzi wangu wawili niliwatuma wakacheze kamba na watoto. Bibi Malita alikuwa amejitanda kitenge kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Nilimwambia tumeahirisha. Alishusha pumzi, akauliza mara mbili kama ni kweli. Sikumweleza aliyoniambia mtoto. Sikupewa ruhusa hiyo. Takondwa akaleta kikombe cha mama yake, akakiweka mahali pake, akakifunika, akaniangalia, akatoka. Mimi nikatoka nyuma yake ili bibi aweze kunywa.

Fomu ya mtoto ina mahali pa kujaza kama ameambiwa au bado. Nimepaacha wazi. Jumatano nitarudi, na wiki ijayo kambi inafungwa, wao watahamia kwa ndugu huko Chiradzulu. Huko hakuna wa kugawa vikombe viwili. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na kila mmoja yuko peke yake. Najua mwisho wake, kwa sababu wewe na mimi tumefika huko.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana wewe ulikuwa upande wa bibi. Ningekuja jikoni siku ile, nikiwa na miaka minane, nikakwambia Mama najua, ungefanyaje? Ungekaa? Ungekula? Au ungeanguka, nikose wote wawili? Kwenye vitabu vyangu nimetafuta, hakuna. Nijibu kabla ya Jumatano; barua hii naituma kwa basi la kesho asubuhi. Andika mwenyewe, hata mistari miwili, Layitoni aipige picha anitumie kwenye simu bila kuisoma. Mwambie nitamjua akisoma. Ukisema ungetaka kuambiwa, nitamwomba Takondwa anishike mkono twende kwa bibi pamoja, nami nitapika uji mwenyewe na kukaa hapo mpaka vikombe vyote viishe.

Nisalimie Layitoni na mkewe, na Mama Falesi. Mapacha wa mbuzi uwape majina kabla hawajapata mnunuzi. Goti ulipake mafuta kila jioni, si siku unayokumbuka. Mungu akulinde hadi tutakapoonana, nami nitakuja mahindi yote yakishaingia ghalani.

Kama zile barua hukuzichoma, zitoe ulikozificha. Sasa unaweza kuzisoma mwenyewe. Pale juu ya kila moja niliandika Baba, usipajali. Zote nilikuwa nakuandikia wewe.

Ni mimi binti yako,
Esnati