Mikono ya Ofisi

Jumanne, 14 Machi 1995

Leo tena nimeenda kuomba kibarua, na pale getini nyapara wa mjengo amenikagua viganja kama mtu anayenunua ng'ombe. "Mzee, hii mikono ni ya ofisi. Toka kwenye foleni."

Na wiki nzima nimekuwa nikiisugua kwa jiwe! Kumbe miaka kumi na minane ya kupiga taipu haifutiki upesi.

Lakini kuna jambo limenishangaza. Nilipopunguzwa kazini mwaka jana na kuanza kuja hapa mjengoni, pale getini nilikuwa peke yangu mwenye viganja laini. Leo tumetolewa kumi na mmoja, mmoja wetu meneja wangu wa zamani. Aliponiona alitia mikono mfukoni. Sasa huko maofisini amebaki nani?

Unga uliobaki ni wa kesho tu. Nilirudi nyumbani Kawangware nikamweleza Mama Nekesa, nikidhani atanihurumia. Akanisukumia beseni la nguo anazowafulia matajiri wa Lavington. "Sugu ziko hapa, Baba Nekesa. Fua."

Nikafua. Alipokuja kunionyesha namna ya kukamua blanketi, nikashika kiganja chake. Kigumu kuliko cha mwanamume yeyote pale getini.

Miaka ishirini tumeoana, na leo ndio nimekikagua.