Siku Sita Ndani ya Landrova

Mama Neema,

Hapa Nkoaranga wananisifu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonifanya siku hizi nipite njia za nyuma. Nikitoka kanisani wamama wenzako wananishika mkono kwa mikono miwili: "Baba Neema, wewe ulimtendea mwenzio. Mwanaume gani wa huku amewahi kumtembeza mke namna ile?" Juzi mchungaji alinitaja kwenye semina ya wanandoa. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Nimeyataka mwenyewe. Wasifu wako niliuandika mimi. Niliandika kwamba uliugua ghafla tukirudi matembezini, na kwamba mume wako alikuhudumia kwa upendo hadi dakika ya mwisho. Ulisomwa kwa kipaza sauti mbele ya jeneza lako, watu wakalia.

Sasa ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Kahawa imeiva na nachuma na vibarua, maana Neema haji tena. Nitakuambia kwa nini haji. Lakini kwanza niieleze safari yetu kama ilivyokuwa, kwa sababu ni wewe tu ambaye siwezi kukudanganya kuhusu safari hiyo.

Miaka thelathini niliendesha watalii, na kila nikirudi ulitaka kujua wamekula nini, wamelala wapi, wamesema nini walipomwona simba. Siku moja nikakusimulia habari za wazee wawili wa Kizungu niliowakuta kambini, mke na mume, wanazunguka na gari lenye kitanda na jiko ndani yake. Ulikuwa unamenya ndizi. Ukauliza, "Na sisi tukizeeka?" Nilicheka. Lakini nilipostaafu nikatafuta Landrova kuukuu, nikaipeleka kwa fundi kule Kijenge, tukaitia kitanda cha mbao, jiko la gesi na pipa la maji. Mapazia ulishona wewe, ya maua mekundu. Nikasema yanafanana na ya gesti bubu za uchochoroni. Uliyatundika hivyo hivyo.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Ulivaa kitenge kipya na raba alizokununulia Neema. Mpaka Longido ulikuwa unaimba. Baada ya hapo tukaacha lami, tukashika njia ya Kitumbeine, vumbi likaanza, na wewe ukaanza kuomba tusimame uchimbe dawa. Mara ya kwanza nikasimama. Mara ya pili nikasimama. Mara ya tatu nikasema, "Hicho ni kibofu au chujio?" Mara ya nne sikusimama. Niliendesha karibu nusu saa, wewe umeng'ang'ania kile chuma cha juu ya mlango, mpaka ukalowa. Nikakuambia ukifute kiti kabla hakijakauka. Ulikifuta kwa mtandio wako.

Wageni nilikuwa nawasimamishia kila walipoinua kidole. Nilishuka kwanza mimi, nikapiga kichaka kwa fimbo nyoka akimbie, nikawawekea kistuli cha kukanyagia wakirudi. Ofisini nilijulikana kwa hilo. Mzee mpole, wageni walikuwa wanaandika kwenye maoni yao. Kile kistuli kilikuwa nyuma ya kiti chako safari nzima. Sikukitoa hata mara moja.

Kuanzia Jumanne hukuomba tena tusimame. Nikakupongeza. Nikasema, "Umeona? Yalikuwa mazoea tu." Ukatabasamu.

Tulipofika Ngaresero miguu yako ilikuwa imevimba, raba hazifungi. Nikasema umenenepa kwa kukaa. Kwenye hoteli pale tukawakuta madereva wawili vijana, niliwafundisha kazi mimi, wakaja na shikamoo zao. Nikawaambia, "Huyu ndiye mgeni wangu wa mwisho. Hatembei, hali, na analalamika kuliko Wazungu wote niliowahi kuwabeba." Walicheka sana. Na wewe ulicheka, ukiwa umeziba mdomo kwa kiganja.

Nikaenda nao kwenye maporomoko. Wewe nilikuacha ndani ya gari chini ya mgunga, nikasema narudi baada ya dakika ishirini. Nilikaa saa tatu. Maji yalikuwa baridi, tulikuwa tunapiga stori za kazini. Niliporudi kivuli kilikuwa kimehama zamani, umekaa juani na mdomo umekauka, na chupa ya maji iko pembeni yako, imejaa, haijafunguliwa.

Ukasema, "Baba Neema, turudi nyumbani."

Nikasema, "Engaruka hatujafika. Gari nimelitengeneza kwa ajili yako, sasa unataka nini tena?"

Asubuhi mbili zilizofuata nilikukuta nje kwenye kiti cha turubai, umejifunga blanketi, unahema. Ulisema ukilala chali hewa haiingii. Nikasema ni vumbi, na kwamba kugeukageuka kwako kunaninyima usingizi. Halafu ulikuwa unanyanyuka, unajipaka mafuta usoni, unanipa simu nikupige picha ya kumtumia Neema. Mlima Lengai nyuma yako. Ziwa Natron nyuma yako. Kila picha unacheka.

Siku ya sita, Mto wa Mbu, midomo yako ilikuwa ya zambarau. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikimbiza gari mpaka hospitali, nikawa nakuambia njia nzima jikaze, jikaze, tunafika. Ulilazwa siku tatu. Ulipokata roho sikuwepo. Nilikuwa nimetoka kwenda kuosha gari.

Wiki ya pili baada ya mazishi nilifungua mkoba wako. Nikakuta vidonge, vile ulivyoniambia ni vya tumbo. Nilivipeleka kwa muuguzi wa zahanati. Akasema, "Hivi ni vya moyo, mzee. Vinatoa maji mwilini. Anayemeza hukojoa mara kwa mara, ndiyo kazi yake. Akiacha, maji hujaa, mwisho yanafika mapafuni." Nikaangalia ile pakiti, imeandikwa kwamba ilitolewa Jumamosi ile kabla ya safari. Vilikuwa vimetobolewa viwili tu. Cha Jumapili na cha Jumatatu.

Nilikaa kwenye benchi la zahanati mpaka walipofunga.

Neema alikuwa anajua kwamba unaumwa. Nilipomwonyesha vile vidonge alilia, akaniambia alikuwa anakusindikiza kliniki, na kwamba ulimwapisha asiniambie. "Mama alisema ukijua utaghairi. Alisema miaka yote anasikia unavyowatunza wageni, na yeye anataka aonje." Kisha akafungua simu yake akanionyesha zile picha. "Angalau alifurahi, baba. Si alifurahi?"

Nikasema, "Alifurahi."

Kwa hiyo kila Jumapili alikuwa anapanda kutoka Sombetini na watoto, anataka nimsimulie tena. Nikawa natunga. Nilimwambia uliingia kwenye maporomoko na kitenge chako. Nilimwambia nilikuwa nakukanda miguu. Alikuwa anaondoka hapa uso umetulia, na mimi nabaki natunga ya Jumapili ijayo.

Wiki tatu zilizopita nilishindwa. Alikuwa anapepeta maharage pale uani. Nilimwambia yote: njia ya Kitumbeine, kiti, utani wa Ngaresero, saa tatu, vidonge. Ungo ulibaki magotini mwake. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja, "Mama alilowa?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa nini umeniambia?"

Nikasema nilikuwa siwezi kubeba peke yangu.

"Kwa hiyo umenitwisha mimi." Hakupandisha sauti. "Baba, mimi nilikuficha ugonjwa wake. Kilichokuwa kinanipa usingizi ni zile picha. Sasa nikiziangalia namwona mtu amebanwa na anaogopa kusema."

Akaweka ungo chini, akawaita watoto, wakashuka. Hapokei simu yangu. Kidogo ulichomwachia, nimekiharibu kwa mkono wangu, na nilipokuwa nakiharibu nilijiona mtu mkweli.

Nilitaka nisimame kanisani nitubu mbele ya watu. Nimeacha. Najua wangefanya nini: wangelia, wangenikumbatia, wangesema mzee ana moyo. Na Neema angesikia sokoni watu wakisimulia mama yake alivyojikojolea. Kwa hiyo nitakaa, watanisifu, nitasema asante, na kila sifa itaniingia kama mwiba pale inapostahili.

Kitu kimoja kinanichoma kuliko vyote. Ulisema ukiniambia ningeghairi. Ni kweli. Ningeghairi, halafu ningekulaumu kwa kuniharibia mpango. Ulinijua vizuri, Mama Neema. Ulinijua, na bado ukashona mapazia.

Nakuahidi haya machache. Sitamwomba Neema anisamehe, maana hiyo nayo ni kumpa kazi. Akiniuliza kitu nitamjibu kama kilivyokuwa, asiponiuliza nitanyamaza. Akija kunitukana nitamfungulia mlango. Watoto wake wakitaka kujua bibi yao alikuwa mtu wa namna gani, nitawaambia alikuwa anaimba mpaka Longido, kwa sababu hilo ni kweli na haliumizi mtu.

Kwaheri, Ndeanasia. Jina lako nimelitamka mara chache mno. Sitasema tutaonana, sina haki ya kukupangia. Siku ukiniona naja huko uliko, usisimame kunipokea. Geuza uso, mimi nitapita.

Baba Neema