Joto Linapomwagwa

Somanda,
S.L.P. 212,
Bariadi, Simiyu.
9 Novemba 2025.

Mpendwa Kaka Januarius,

Mwadila, kaka. Nakupa salamu ya mchana kwa kuwa nakuandikia mchana, ingawa sijui barua hii itakukuta huko Norwe jua limetoka au bado linasuasua. Mna hali gani? Wifi yangu Flora, ule mguu umepona? Watoto wanakula? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, isipokuwa joto, ambalo mwaka huu limekuja na hasira. Mvua ilituonjesha kidogo ikaondoka. Watu wa Ngulyati wameshatayarisha mashamba ya pamba, sasa kazi yao ni kutazama juu.

Utashangaa kwa nini sikukutumia sauti kwenye simu kama siku zote. Baba yuko sebuleni, na masikio yake hayaumwi hata kidogo. Haya yanamhusu yeye, kwa hiyo nimekimbilia kalamu.

Tangu tumtoe Nkololo na kumleta hapa kwangu, daktari hajabadili maneno: moyo umepanuka, dawa anywe, chumvi aache, na joto kali asikae nalo, maana linaweza kumwondoa. Nyumba yangu unaijua, bati juu na dari nyembamba. Mchana ukikaa ndani unaiva. Kile kiyoyozi ulichotununulia kilikuja wakati wake, nakushukuru tena. Fundi alitoka Mwanza, akakifunga sebuleni anaposhinda Baba, akanywa chai, akaondoka. Wiki ya kwanza tuliishi kama mabwana wakubwa.

Kisha Baba akaanza kukizima. Nikienda kwenye cherehani zangu sokoni nakiacha kinafanya kazi. Nikirudi nakuta kimezimwa, milango yote wazi, Baba amelowa jasho na miguu imevimba. Nikadhani anauonea huruma umeme. Nikamwambia hela ya luku ipo. Akaendelea kukizima. Siku moja nikampandishia sauti, ingawa sikulelewa hivyo, nikamwambia anataka tumzike kwa ukaidi wake.

Hapo ndipo aliposema. Rafiki yake Mwandu alikuwa amekuja kutoka Nkololo kumjulia hali, akakuta mlango umefungwa na madirisha yamefungwa, mchana kweupe. Unajua wazee wetu: nyumba inayofungwa mchana ni ya msiba au ya mchoyo. Mwandu hakubisha. Alikaa kwenye benchi la barazani kungoja mtu atoke. Na yule fundi, kwa kukwepa kutoboa ukuta mnene wa nyuma, alikuwa ameitundika mashine ya nje palepale barazani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Mzee wa watu akapigwa na hewa ya moto mpaka Baba alipomsikia akikohoa.

"Felisita, ng'wana wane, mwanangu," Baba akaniambia, "joto langu mnalitoa humu, mnaenda kummwagia mgeni wangu? Afadhali nife nalo mwenyewe."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa sijui. Nilidhani mashine inatengeneza baridi, basi. Sikuwahi kujiuliza kile kinachopuliza nje kinapuliza nini.

Nikaenda kwa Constantine, yule fundi wa majokofu karibu na soko, nikamwomba aihamishe. Akasema ataihamisha, ila bora nijue mwenyewe nina kitu gani ukutani, maana mafundi wa AC hapa Bariadi si wa kuokota. Basi nikawa napita kwake jioni nikishafunga kazi. Usinicheke, kaka. Mimi mshona nguo sasa najua kompresa.

Alichonifundisha kwanza ni kwamba hakuna mashine inayotengeneza baridi. Kuna joto tu, na mahali pa kulipeleka. Ndani ya yale mabomba ya shaba gesi inazunguka. Ikifika ndani inakuwa baridi na kulinyonya joto la chumba, kompresa inaikandamiza, inatoka nje ikiwa ya moto, inatua mzigo wake huko na kurudi kuchukua mwingine. Ni kama nyumba iliyofurika maji na mtu anayachota kwa ndoo. Ndoo haileti ukavu. Na ukiacha mlango wazi unachota ziwa.

Nikamwambia kwamba nyumbani kwako kuna mashine ya kuleta joto. Akasema ni hiyohiyo, imegeuzwa tu: inachota joto nje kwenye theluji na kuliingiza ndani. Nilibishana naye sana. Joto gani hilo linalokaa kwenye barafu? Akasema hata palipo na baridi kali joto lipo, ni kidogo, linataka mtu wa kulifuata. Neno hilo nililishona pamoja na sare za shule wiki nzima.

Tuliihamisha Jumapili baada ya misa. Kwanza tuliikusanya gesi yote kwenye mashine ya nje na kuifungia humo, ndipo tukafungua mabomba. Constantine akatoboa ukuta wa nyuma, akaunga mabomba marefu zaidi, akayanyonya hewa kwa pampu kabla ya kuiachia gesi, maana unyevu ukibaki humo unaua kompresa. Mimi nilishika spana na kuuliza maswali mpaka akachoka. Sasa chujio naliosha mwenyewe, kwa vumbi hili la kwetu likikaa wiki mbili linakuwa blanketi. Na siweki tena namba ya chini kabisa kama mshamba. Ishirini na sita inamtosha Baba.

Likabaki la mlango. Nikashona pazia zuri la maua na kulitundika upande wa nje, mbele ya mlango uliofungwa. Ukiwa barabarani unaona pazia, unajua nyumba iko wazi. Ukilisogeza unakutana na mbao, basi unabisha. Mwandu alikuja juzi, akasogeza, akabisha, akaingia. Baada ya muda akaomba shuka ajifunike, na wakachekana sana. Wakati huo benchi la barazani lilikuwa na kivuli na upepo wake wa kawaida.

Shangazi Justina anakusalimu, anasema picha ya watoto aliyopewa na Flora ameibandika juu ya kitanda. Mayige wa kwa baba mdogo naye anakusalimu. Ng'ombe wamekonda ila wapo. Wasalimie wote, na umwambie wifi kwamba gauni lake linamngoja.

Nimalizie na hili. Mwandu alipoondoka, Baba aliutazama mlango uliofungwa. Akaniuliza kama huko kwako milango hufungwa hivi. Nikasema ndiyo, karibu mwaka mzima, joto lisitoke.

"Na kaka yako nani huwa anambishia hodi?"

Nikasema labda majirani. Baba akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mtoto amekaa kwenye nyumba iliyofungwa miaka yote hii, na mimi nikisema ametusahau. Basi usikizime. Nitakaa. Mimi ninaye Mwandu."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye hewa ya moto pale inapotoka sasa, nikalia.

Mungu akulinde, akupe mtu wa kukubishia hodi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Felisita Mayala