Kadii, Uliyetangulia na Maji

Hukuwa na cheo, Mama Kanze. Hukuwa na kiti cha mbele kanisani, wala cheti, wala sauti ya kwaya. Hata viatu vya pili hukuwa navyo. Leo mwaka umetimia tangu tukulaze hapa Adu, na bado wapo wanaotuhesabia ulivyovikosa.

Ulikuwa na mtungi. Kilio kikisikika, kwa Mkristo au kwa Mwislamu, ulikuwa umeshafika na maji kabla ya jamaa kukusanyika. Waliofiwa walilia; wewe uliosha sufuria, ukaogesha watoto wao, ukaondoka kabla ya hotuba.

Ulikosea mara moja tu. Ulisikia mayowe kwa jirani yetu Kalama, ukakimbilia huko na maji ya matanga, ukamkuta mwenyewe amesimama uani, mzima. Kumbe walikuwa wakimlilia mbuzi aliyebebwa na fisi.

"Mama Kanze, umekuja kunizika?"

"Basi kunywa wewe, baba. Sirudi na mtungi kichwani."

Akanywa.

Sasa Kalama huyo ndiye katibu wa kitabu cha miaka hamsini ya kanisa letu. Jina lako halimo.

"Mzee Katana, tungemwandika kama nani? Hakushika cheo chochote. Wewe umo, mzee wa kanisa wa kwanza."

"Mwandike aliyekuletea maji ya matanga ukiwa hai," nikamjibu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilijifunza kusoma katika darasa la ngumbaru, ndevu zimeshaota, lakini Injili naisoma vizuri. Bwana alijifunga kitambaa akaosha miguu ya watu, na hakuna aliyemuuliza cheo. Kama huo si ukuu, basi kanisani tulifuata nini?

Kwa hiyo tumemwandikia Kalama na wenzake barua. Hatuombi. Jina langu litolewe, na pale pale liandikwe lako: Kadii Katana, aliyefika kwanza. Wakikataa, ukurasa ubaki mtupu. Watu wa Adu wataujaza kwa midomo yao. Tumetia saini sote: mimi mumeo Katana, wanao Kanze, Menza na Gladys, wifi yako Mbeyu, na wajukuu wako saba.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Nimeifunga kwa sima, kama ulivyonifundisha, na Kanze ameondoka nayo asubuhi hii. Kila kilio kitakaposikika tutakukumbuka, tukiwa njiani na maji.