Kanzu ya Kumpokea Mahdi

Alhamisi, baada ya Isha

Na bado Baba anatabasamu. Hilo ndilo limenikera kuliko hata ile X nyekundu ambayo watu wa serikali wametupakia mlangoni leo mchana. Kesho asubuhi wanabomoa nyumba.

Nikamwambia tuanze kufunga vitu. Akasema, "Wacha tu, Zubeda. Dunia imejaa dhuluma. Mahdi yuko karibu kuja kuijaza haki."

Kila kitu kikiharibika, yeye anafurahi. Mafuriko yalikuwa dalili. Nilipofutwa kazi, dalili. Mimi pia naamini Mahdi atakuja, lakini kesho nahitaji pa kulala.

Nikapandisha sauti. "Na akija apate nyumba haipo, atatukuta wapi?"

Tabasamu lake likaisha, nikajuta papo hapo. Akainuka polepole, akatoa kwenye msumari ile kanzu nyeupe aliyoitunza miaka yote kwa ajili ya kumpokea Mahdi. Nilidhani anataka kuivaa. Akaikunja, akaniletea.

"Iweke chini kabisa ya gunia," akasema. "Isichafuke."

Sasa ndio naogopa. Kumbe imani yake ndiyo iliyokuwa inanishikilia, na mimi nimeifunga ndani ya gunia.