Neno Nililolifukuza

Jumatatu, 3 Machi
Maktaba, meza ya dirishani. Nimeingiza swali langu zima kwenye hifadhidata ya makala za utafiti – je, mgonjwa wa kiharusi anaweza kuuguzwa nyumbani na familia yake? Majibu: sifuri! Mkutubi alicheka mpaka miwani ikamteleza. Hiyo haijibu maswali, mama, akaniambia, ipe maneno, tena machache. Kiharusi NA nyumbani. Yakamwagika maelfu. Sasa umenizamisha, nikamwambia. Basi akanionyesha AU, ya kuongeza maneno ya maana moja – uuguzi AU matunzo – na SIYO, ya kuondoa nisiyoyataka.

Mama mkwe bado kalazwa. Mkono wa kulia hauinuki, ulimi mzito. Wifi yangu haachi kuniuliza: arudi nyumbani au abaki? Eti mimi ndiye msomi wa familia.

Jumanne, 4 Machi
Kila makala inaishia kwenye vifo. Idadi ya vifo, sababu za vifo. Mume wangu hajamaliza mwaka kaburini – kiharusi hichohicho, alianguka bafuni, hata hospitali hatukufika. Nimeshindwa. Nikaandika: SIYO kifo SIYO vifo.

Orodha ikapungua, kifua kikapata nafasi. Nimesoma mpaka mkutubi akaanza kufunga madirisha. Wagonjwa wanatembea! Wanashika vikombe, wanaitana majina. Waliorudi kwao wanapata nafuu upesi.

Wifi akapiga. Mrudisheni, nikasema.
"Una hakika?"
"Nimesoma, wifi."

Alhamisi, 6 Machi
Wifi anaandaa chumba cha mbele. Daktari alitaka mama abaki, kuna vipimo havijafanyika. Shemeji kamjibu nyumbani tunaye msomi. Niliposikia nilivimba kichwa, sifichi.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi wangu chuoni amerudisha sura ya pili ya tasnifu yangu, niliyoiandika kwa makala zilezile za Jumanne. Pembeni kaandika: Kwenye utafiti wako hakuna anayekufa? Akaniita, akataka kuona nilivyotafuta. Nikamfungulia ule mstari wangu. Akausoma. Msibani alikuja, anajua. Hakunigombeza.

"Dada yangu, hapa umeondoa na sababu zilizowaua."

Nimerudi meza ya dirishani. Nimefuta SIYO zote mbili. Orodha imejaa tena. Nimefungua makala ya kwanza, nikaifunga, nikaifungua. Waliofia majumbani. Koo limelegea, ndugu hawajui, wanamnywesha kwa mapenzi yote – kinywaji kinaingia mapafuni. Apimwe kumeza kwanza, kabla ya kupewa chochote. Ya pili inasema hivyohivyo. Ya tatu pia.

Hivyo ndivyo vipimo alivyovitaka daktari!

Simu imetetemeka. Ujumbe wa wifi, na picha: Tumeshafika! Mama kakaa mwenyewe kitandani, yuko kikombe cha pili cha chai. Anakohoa kidogo tu, ni vumbi la njiani. Ahsante sana wifi yetu.

Nimempigia. Haipokelewi. Shemeji hapatikani kabisa. Nimeandika ujumbe – msimpe kitu! – haujasomwa. Mkutubi ananiashiria, humu simu haziruhusiwi. Kisha ameniona uso, amenifungulia mlango.

Niko kwenye ngazi za nje. Simu nimeibana begani, daftari gotini. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele. Teksi nimeita, bado. Picha naitazama tena: mama mkwe anacheka upande mmoja wa mdomo, na wifi kamshikia kikombe kwa mikono miwili.

Ya wifi inaita.